Kodi ya Miezi Sita Ndiyo Iliyonifundisha Kushika Pesa

Mzee mwenye nyumba wetu hapa Tabata, Dar es Salaam, hapigi simu ovyo. Alikuwa anapiga mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Juni na mwanzoni mwa Desemba, na maneno yake hayakubadilika: "Mwanangu, hujambo? Nakukumbusha tu, mwezi ukiisha tunaanza miezi mingine." Miezi mingine maana yake sita, kwa 200,000 kila mwezi, yaani 1,200,000 kwa mkupuo. Juni 2021 simu hiyo ilinikuta nina 43,000 kwenye akaunti. Nikaenda kukopa kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kama nilivyofanya Desemba, na kama nilivyofanya Juni ya kabla yake.

Naueleza mzunguko huu taratibu kwa sababu wapangaji wengi wamo ndani yake na wanaamini kinachowamaliza ni mshahara mdogo. Nilikuwa nakopa 1,200,000 kwa riba ya asilimia 10, narudisha 220,000 kila mwezi kwa miezi sita. Deni linaisha, mzee anapiga simu, nakopa tena. Riba peke yake ilikuwa 240,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nalipa kodi ya zaidi ya miezi 13 kwa mwaka wenye miezi 12. Na kila Jumapili jioni mimi na mume wangu tulikuwa tunakaa barazani kuzungumza habari za kiwanja, kama watu ambao wana kitu mfukoni.

Mshahara wangu wa msingi ni 900,000. Hapo NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, kodi ya mapato inachukua yake, na wakati ule Bodi ya Mikopo ilikuwa inakata asilimia 15 ya mshahara huo kulipia deni langu la chuo, yaani 135,000. Mkononi ilikuwa inafika 594,500. Mume wangu ni fundi umeme wa kujitegemea. Mwezi mwingine anapata vizuri, mwingine anakaa wiki tatu bila kazi. Chakula na ada za shule zilikuwa juu yake, kodi ilikuwa juu yangu.

Tarehe 15 Julai mwaka huohuo serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu. Watu walilalamika sana, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwangu mimi tozo ile ilifanya kazi moja ambayo sikuitarajia: nilianza kusoma ujumbe wa miamala ambao kwa miaka nilikuwa naufuta bila kuutazama. Ndipo nikanunua daftari, nikaandika kila shilingi iliyotoka mkononi mwangu kwa siku 60. Kila shilingi, hata ile ya karanga kwenye foleni. Sikubadilisha chochote katika siku hizo, niliandika tu. Nakushauri nawe ufanye hivyo, kwa sababu ukianza kujibana siku ya kwanza, daftari litakuonyesha mtu mwingine ambaye si wewe.

Nilitegemea kukuta nguo na saluni. Sikuzikuta kwa kiasi cha kunitisha. Nilikuta bodaboda kutoka kituoni, 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, 52,000 kwa mwezi. Nilikuta bando la 1,000 kila siku, kwa hiyo 30,000 kwa mwezi, wakati la mwezi mzima lingenitosha kwa pesa pungufu. Nilikuta nachukua pesa kwa wakala 10,000 leo, 20,000 kesho, na kila mara nakatwa. Nilikuta daftari la madeni la Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, 87,000 kwa mwezi, za mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande. Vitu hivyohivyo ukivinunua kwa kilo na kwa lita pale sokoni Buguruni mwanzo wa mwezi, unabaki na pesa.

Sikukata vyote. Bodaboda ya jioni niliiacha, kwa sababu natoka kazini usiku umeingia na njia yetu haina taa. Ya asubuhi nikaifuta, natembea dakika 20. Pesa ya wakala nikaanza kutoa mara moja kwa wiki, Jumamosi, ikiisha imeisha. Kwa Mangi nikalipa deni lote na kumwomba kwa heshima asiniandikie tena hata nikimsihi. Na ile huduma ya simu inayokukopesha salio likipungua niliifunga siku hiyohiyo. Ile ni hatari kwa mtu anayetaka kujenga, kwa sababu hela ya kesho unaila leo bila hata kumwona mtu usoni.

Pesa ninayomtumia mama yangu kila mwezi sikuigusa. Nimesoma ushauri wa watu wanaosema anza na kupunguza ya wazazi. Mimi sikubaliani nao. Ukiweka kiwango kinachojulikana, ukakituma tarehe inayojulikana pamoja na ya kutolea, mzazi naye anapanga mambo yake, na simu za "mwanangu nimekwama" zinapungua zenyewe.

Sasa michango. Hapa ndipo daftari liliponiumiza. Katika siku 60 nilitoa 265,000 kwa shughuli tano: harusi mbili, kitchen party moja, ubarikio, na msiba. Msiba nauweka mbali, mtu hapangi kufiwa. Lakini zile nne nyingine niliahidi nikiwa ndani ya kundi la WhatsApp, nikitazama majina ya waliotangulia na viwango vyao. Aliyenitangulia kaandika 100,000, nami naona aibu kuandika 30,000, naandika 70,000. Kisha mweka hazina ananikumbusha mwezi mzima, na mwisho nakopa ili nilipe ahadi ya harusi ambayo chakula chake nilikula kwa dakika 15.

Nilichofanya ni kuamua kiasi cha michango kabla mwezi haujaanza. Nikaweka 30,000 kwa mwezi, zisipotumika zinahamia mwezi unaofuata. Kadi ikija natazama kilichomo, naahidi ndani yake, na natuma dakika ileile. Kulipa papo hapo kuna heshima yake. Kamati inapenda 30,000 iliyoingia kuliko 100,000 ya kufukuzana. Na pale ambapo pesa yangu ni ndogo, naongeza mikono.

Shangazi yangu alinipigia kuhusu harusi ya binti yake.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Naona kwenye orodha umeandika 30,000. Umekosea?"

"Sijakosea shangazi. Ndiyo niliyonayo, na nimeshaituma. Ijumaa nitakuja kulala hapo, tupike wote."

Alikaa kimya muda kidogo. Nilisikia redio yake. Kisha akasema, "Haya, njoo na kisu chako, vya hapa ni butu." Nilikesha namenya vitunguu, na mpaka leo shangazi huyo ndiye anayenitetea kwenye ukoo watu wakisema nimekuwa mbahili. Wako waliokasirika pia, na mmoja hajanialika tena. Nimekubali.

Desemba 2021 deni la kikoba liliisha. Kabla mzee hajapiga simu tulimfuata sisi wenyewe, mimi na mume wangu, tukamweleza hali yote na kumwomba apokee miezi mitatu badala ya sita, mara moja tu. Mume wangu alikuwa amelipwa kazi ya kutandaza nyaya kwenye nyumba moja, tukawa na 600,000 mkononi. Mzee akakubali. Wenye nyumba wengi hawatakubali ukiwafuata siku kodi imeshaisha, lakini ukienda mwezi mmoja kabla, na pesa ukiwa nayo mkononi, unazungumza kama mtu mzima.

Januari 2022 nikaingia kwenye mchezo wa watu sita, wafanyakazi wenzangu ninaowajua kwa miaka. Kila mmoja anatoa 200,000 kwa mwezi, mmoja anapokea 1,200,000. Utaona kiwango hicho ni kodi yangu ya miezi sita kamili, na sikukichagua kwa bahati. Nilimwomba kijumbe, msimamizi wa mchezo, aniweke namba tatu, nipokee Machi, kwa sababu kodi ilikuwa inaisha Machi. Zile 220,000 nilizokuwa narudisha kikoba ndizo zilizogeuka kuwa za mchezo. Sikuongezewa mshahara hata senti moja, lakini riba iliondoka maishani mwangu. Angalizo langu ni moja: mchezo ni watu. Usiingie na mtu ambaye hujui anakaa wapi, na aliyeingia jana asipewe namba ya kwanza.

Mpaka hapo sijaweka hata shilingi ya kiwanja. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaanza na kiwanja huku kodi inawafukuza, kisha kila miezi sita wanavunja akiba ya kiwanja kulipia kodi, na wanakata tamaa. Ziba kwanza pale panapovuja.

Februari 2022 deni la Bodi ya Mikopo likaisha. Nilijua mapema, kwa sababu nilikuwa nimeomba taarifa ya deni langu. Hii nafasi huwapita watu wengi: mwezi makato yanapokoma, pesa ile inaonekana kama nyongeza, na ndani ya miezi miwili imeshapata matumizi, hujui hata yapi. Mimi nilienda benki kabla mshahara wa Machi haujaingia, nikaagiza 135,000 ihamishwe kila mwezi siku mshahara unapoingia. Nilikuwa nimeishi miaka bila pesa hiyo, nikaendelea kuishi bila hiyo.

Ilikokwenda ni Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza. Nilianza na 100,000, na unaweza kuongeza kidogo kidogo. Unanunua vipande, thamani ya kipande inatangazwa, na ukitaka kutoa unaomba na kusubiri siku za kazi kama tatu. Kwangu kule kusubiri kulikuwa na faida kuliko hata kupanda kwa thamani ya kipande. Mara mbili nilijaza fomu ya kutoa nikiwa na hamu ya kitu, sofa mara moja, simu mara nyingine, na nikafuta maombi kabla pesa haijatoka. Akiba iliyo kwenye simu yako haisubiri, inatoka ukiwa bado umekaa kitandani.

Mume wangu naye aliweka utaratibu wake. Mapato yake hayana tarehe, kwa hiyo hakuweza kusema kiasi cha mwezi. Akasema kila kazi atakayolipwa, robo inakwenda kwenye kiwanja kabla hajafika nyumbani. Tulikubaliana kuonyeshana simu kila Jumapili. Haikuwa rahisi. Wiki ya tatu tuligombana kwa sababu nilimkuta amemkopesha rafiki yake 80,000, naye akanikuta nimelipia kitenge cha sare nilichokuwa nimemficha. Tulinyamaziana siku mbili. Lakini kuona kitu kibaya kwa macho yako kunaponya haraka kuliko kukihisi tu.

Oktoba 2023, baada ya miezi 20, tulinunua kiwanja cha mita za mraba 400 upande wa Chanika kwa 4,500,000. Kimepimwa. Kuhusu ununuzi wenyewe sitasema mengi, isipokuwa usilipe kabla ya kwenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja kufanya upekuzi, uone jina lililoandikwa. Ukae pia na majirani wa pande zote wakuonyeshe mipaka wewe mwenyewe, dalali asiwepo.

Kosa kubwa nililofanya baada ya hapo ni saruji. Niliona bei imeshuka kidogo mwanzoni mwa 2024, nikanunua mifuko 15 kwa 15,000 kila mmoja, nikaihifadhi kwenye banda la jirani. Fundi alichelewa, masika ikaingia. Mei tulipofungua, mifuko tisa ilikuwa imeganda kama jiwe. Hiyo ni 135,000, akiba ya mwezi mzima. Saruji nunua ukiwa na fundi amesimama. Ukitaka kugeuza pesa kuwa kitu kabla hujaila, nunua kokoto, au leta mfyatuaji akufyatulie tofali palepale kiwanjani. Tofali zinakaa, zinazidi kukomaa zikimwagiwa maji, na hakuna ndugu atakayekuja kukukopa tofali 50 za inchi sita.

Kuna miezi tuliyoshindwa. Mtoto alilazwa, mwezi mwingine mume wangu hakupata kazi kabisa. Miezi hiyo robo yake ilikuwa sifuri, na 135,000 yangu nikaishusha mpaka 20,000, lakini sikusimamisha agizo la benki. Kurudisha kiwango juu ni rahisi kuliko kuanza upya.

Sasa boma limefika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Bado mbao, bati, na shimo la choo. Tumepanga kuhamia vyumba viwili vikishakuwa na milango, hata kama sakafu ni zege tupu, ili 200,000 ya kodi iingie kwenye nyumba. Kodi yetu inaisha Septemba na zamu yangu ya mchezo ni mwezi huohuo. Wiki iliyopita nilimpigia mzee kumwomba tena miezi mitatu badala ya sita. Akauliza, "Mnahama?" Nikamwambia tukijaliwa, Desemba. Akakubali. Zile 600,000 zitakazobaki tumeshazigawa na fundi: choo kwanza, kisha milango miwili.