Mafuta Umepaka, Kutu Imekuja: Kutunza Bunduki Kwenye Hewa ya Pwani

Msimamizi wa walinzi huko Raskazoni ameleta swali ambalo wamiliki wengi wa silaha hapa Tanga wanalo. Shotgani za lindo lake hupakwa mafuta ya cherehani kila Jumapili, na Jumapili inayofuata madoa ya kahawia yako palepale: kwenye mdomo wa mtutu, kwenye mifereji ya skrubu na chini ya mbao ya mbele. Anauliza anunue mafuta gani. Mafuta yake yana kasoro, ndiyo, lakini tatizo kubwa ni kile anachokifunika kwa hayo mafuta.

Chuma safi huanza kupata kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi. Hapo bado hujaweka chumvi. Chumvi ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe hewani unyevu ukifika asilimia 75, na chumvi ya bahari ina magnesi kloridi ndani yake inayovuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Kwa hiyo vumbi jembamba la chumvi lililoletwa na upepo wa kusi, au jasho la kiganja cha mlinzi, halikauki kabisa juu ya mtutu. Linabaki kama utando wa maji ya chumvi usioonekana, unakula chuma usiku kucha. Na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukipaka mafuta juu yake umeifungia ndani pamoja na unyevu wake.

Wengi pia wanategemea ule weusi wa mtutu kana kwamba ni rangi. Ule ni utando mwembamba sana wa oksidi ya chuma wenye vitundu vidogo. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Weusi mkavu haulindi kitu. Silaha ya chuma kisichoshika kutu nayo isikudanganye, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi huitoboa vishimo vidogo, hasa mahali hewa isipopita vizuri, kama chini ya vibao vya mshikio.

Basi chumvi ndiyo inayotoka kwanza. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, kisha angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na uiguse kwa kidole. Fungua silaha kwa kiwango cha usafi wa kawaida tu: mtutu, mbao ya mbele, magazini. Chovya kitambaa cha pamba kwenye maji baridi, kikamue mpaka kisidondoshe, futa chuma chote, geuza upande safi, futa tena. Maji yenyewe yaangalie. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na ukifutia maji hayo unaongeza kilekile unachotaka kuondoa. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa, ya kunywa ya chupa yanafaa. Ukienda dukani kuomba maji ya betri hakikisha unapewa maji yaliyokenekwa, maana kuna maduka ambako ukitaja jina hilo unapewa asidi, na asidi itavua weusi wa mtutu ndani ya dakika chache.

Baada ya maji, futa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa chenye spiriti ili kuondoa maji yaliyojificha kwenye skrubu na mikunjo. Spiriti isiguse varnishi ya kitako. Acha dakika kumi kwenye hewa, au juani muda mfupi, ndipo upake mafuta chuma kikiwa bado na joto kidogo. Kwa nje ya shotgani nzima matone matano au sita kwenye kitambaa cha flaneli yanatosha. Kidole kikipita kiache alama. Mafuta yakitiririka umezidisha, nayo yatashuka kwenye mbao ya kitako na kuilainisha. Ndiyo sababu shotgani iliyotoka kupakwa ni heri isimamishwe mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa kwa siku moja.

Sasa mafuta yenyewe. Ya cherehani ni mepesi, yanafaa kwa sehemu zinazosogea, lakini kwenye upepo wa bahari hayakai. Ndani ya siku chache yametelemka. Kwa nje ya silaha ya lindo tumia mafuta mazito ya kuzuia kutu yaliyotengenezwa kwa silaha, na ukiyakosa, oili mpya ya injini ni afadhali kuliko watu wanavyodhani. Oili chafu usiiguse. Ina masizi na asidi za injini. Mafuta ya nazi na ya alizeti yanachacha, yanaganda kama gundi na kuzuia kifyatulio. Mafuta ya breki huvuta maji. Mafuta ya taa ni ya kusafishia tu: yakishakauka hayaachi kinga yoyote. WD-40 ilibuniwa kwa ajili ya kufukuza maji, na hiyo kazi inaifanya vizuri sana. Tatizo ni watu kuinyunyiza na kuondoka wakiamini wamemaliza. Inyunyize, ifute, kisha paka mafuta halisi.

Kwa lindo, Jumapili kwa Jumapili ni mbali mno. Bunduki moja hushikwa na mikono miwili au mitatu tofauti kwa siku, yote ina jasho. Weka kopo lenye mfuniko lenye kipande cha flaneli cha sentimita 20 kilichotiwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na kila wanapokabidhiana lindo anayepokea aifute silaha kabla ya kusaini. Hiyo ni nusu dakika. Kitambaa hicho kibadilishwe kila mwezi, kwa sababu nacho hukusanya chumvi, na kikichakaa kinageuka kuwa kitu cha kusambazia chumvi kwenye bunduki zote. Kufuta kwa maji, kama nilivyoeleza juu, mara moja kwa wiki. Wakati wa masika au zamu za ufukweni kabisa, mara mbili.

Anayebeba bastola kiunoni ana adui mwingine: mwili wake. Upande unaogusa ubavu ndio unaopata kutu kwanza, pamoja na skrubu za shabaha, ndoano ya kutolea ganda, kitako cha magazini na springi yake. Mafuta mengi hayafai hapa, yanachafua shati na kukusanya vumbi. Nta ni bora. Pasha chuma kidogo juani, paka nta ya kung'arishia isiyo na chembe za kusugulia, iache ikauke, sugua kwa kitambaa, rudia mara ya pili. Nta hubaki mahali pake hata ukitoka jasho. Kila jioni ifute bastola, toa risasi za magazini mara moja kwa wiki uangalie ndani, na vaa fulana ya pamba kati ya ngozi na silaha.

Na ukifika nyumbani, itoe kwenye ala. Hili linarudiwa kila mahali na bado ndilo linaloharibu bastola nyingi kuliko mvua. Ngozi hunyonya jasho na kulitunza, na dawa za kulainishia ngozi zenyewe hubaki na chumvi au asidi. Mfuko wa sponji nao ni hivyohivyo. Vyote hivyo ni vya safari. Kuhifadhia ni pengine. Mkanda wa ngozi wa risasi uingie kwenye kundi hilohilo: shaba ya ganda hufanya ukungu wa kijani, na ganda lenye ukungu linaweza kukwama chembani siku mbaya.

Wenye kiyoyozi wana mtego wao. Hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini. Bunduki iliyolala kwenye ofisi ya nyuzi 21 ikitolewa nje inalowa mara moja, ndani ya mtutu na kwenye mitambo, mahali ambapo huoni. Itoe ikiwa ndani ya begi lililofungwa na usilifungue mpaka ipate joto la nje, nusu saa mpaka saa nzima. Ukilazimika kuitoa haraka, futa nje na upitishe kitambaa kikavu mtutuni ukirudi.

Kwenye kuhifadhi, kila mtu anajua sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka zifungiwe salama. Kasiki unalo, sawa. Lakini limewekwa wapi? Nyumba za kale za Bagamoyo, Pangani na mitaa ya zamani ya Tanga zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunywa maji kutoka ardhini na kutoa chumvi. Kasiki likigusa ukuta huo, mgongo wake hubaki na unyevu mwaka mzima. Lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, liinue juu ya magogo makavu, kisha boliti za kulifunga zipite kwenye magogo hayo. Usihifadhi chumba kimoja na jiki, asidi za betri wala ndoo ya siki; mvuke wake peke yake huleta kutu kwenye chuma ambacho hakijaguswa na maji.

Ndani weka kipimo kidogo cha unyevu, na ukipime kabla ya kukiamini: chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi ya mezani iliyoloa kidogo kama uji mzito, kifunge pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa kumi na mbili, mbali na silaha. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 70 ujue kinapunguza tano. Lengo lako kasikini ni kati ya 40 na 55. Chini zaidi ya hapo mbao za kitako zinaanza kupasuka.

Kama umeme upo, fimbo ya kupasha joto ya kasiki ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kupandisha joto la ndani kutoka nyuzi 28 hadi 31 kunashusha unyevu wa asilimia 80 mpaka karibu 67, hivyo fimbo peke yake kwa Tanga haitoshi. Iongezee silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Kwa kasiki la kawaida lenye bunduki tatu au nne anza na gramu 500. Ipime kwenye mizani ya jikoni ikiwa kavu, na ikifika gramu 600 imeshiba: ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, irudishe. Bila mpira wa kuziba mlangoni utakuwa unakausha hewa ya mji mzima. Epuka vile visanduku vya supamaketi vya kunyonya unyevu vinavyojaa maji chini; yale ni maji ya chumvi kali, na kikimwagika kasikini hasara ni yako. Mchele, ambao wengine huutumia kuvuta unyevu, nao ubaki jikoni.

Mtutu usizibwe kwa pamba wala kitambaa wakati wa kuhifadhi. Unyevu hubaki ndani, na siku moja mtu atasahau na kufyatua.

Neno kuhusu risasi za zamani za kijeshi na za gobole lenye kibali. Viwashio vya zamani vyenye kloreti huacha kloridi ya potasi, nayo ni chumvi, mtutuni, na baruti nyeusi huacha majivu yanayovuta maji. Yote mawili hayaondoki kwa mafuta. Siku hiyohiyo mimina maji ya moto, yenye sabuni kidogo kama ni baruti nyeusi, piga brashi ya shaba, suuza, kausha, paka mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe uone kama kinatoka na rangi ya kahawia. Ikitoka, rudia.

Madoa ya yule msimamizi yanaondoka. Paka mafuta, acha saa 24, kisha sugua taratibu kwa stili wulu (nyuzi za chuma za kusugulia) ya namba 0000, ile laini kabisa, iliyoloweshwa mafuta, ukifuta kila mara, maana nyuzi zake zikibaki zitapata kutu zenyewe. Msasa hapana, ndimu na siki hapana: vitaondoa kutu pamoja na weusi wote. Ukimaliza pitisha ukucha. Pakiwa laini, osha chumvi kama juu, paka, endelea. Ukucha ukinasa kwenye kishimo cha nje, ni sura tu iliyoharibika. Kishimo kikiwa ndani ya chemba, au ganda likianza kung'ang'ania kutoka baada ya kupigwa, bunduki hiyo iondolewe lindoni na ipelekwe kwa fundi mwenye leseni apime unene wa chuma kabla haijapigwa risasi nyingine.