Vikao vyote vya ajaili tunafanya, mbona kazi bado inachelewa?

SWALI: Ninaongoza timu ya watengenezaji programu wanane. Miezi minane iliyopita uongozi uliagiza idara nzima ihamie kwenye ajaili, yaani kutengeneza programu kwa hatua fupi na kujirekebisha njiani, nasi tukaanza kutumia skramu, njia mojawapo ya ajaili: sprinti, yaani vipindi vya kazi, za wiki mbili, kikao cha kila asubuhi, na kikao cha tathmini kila sprinti inapoisha. Meneja wa idara huhudhuria vikao vyote. Pointi tunazokamilisha, yaani makisio ya ukubwa wa kazi, zimepanda karibu kila sprinti, lakini wateja bado wanapokea kazi kwa kuchelewa, na kwenye tathmini hakuna anayesema zaidi ya "mambo yako sawa". Wenzangu kadhaa wanataka tuache skramu tuhamie kanbani, njia ya kufuatilia kila kazi kwa kadi inayosogezwa ubaoni hatua kwa hatua. Je, kubadili njia kutatusaidia? Na nizungumze vipi na meneja bila kuonekana ninapinga mabadiliko?

JIBU: Kubadili njia peke yake hakutawasaidia, kwa sababu dalili ulizozitaja zina mzizi mmoja: watu wa timu yako wamekwisha kujifunza kwamba habari mbaya humgharimu anayeileta. Skramu imejengwa juu ya dhana kwamba tatizo litatajwa likiwa bado dogo. Pasipo na uhuru wa kulitaja, kikao hubaki umbo tupu, na mkihamia kanbani leo, kadi nazo zitasogezwa ubaoni ili kumridhisha anayezitazama.

Tuanze na kikao cha asubuhi. Kwa mujibu wa mwongozo rasmi wa skramu, kikao hicho cha dakika 15 ni cha watengenezaji wenyewe, nacho kipo ili waangalie kama wanaelekea kwenye lengo la sprinti na wapange upya kazi ya siku. Yale maswali matatu ambayo timu nyingi huyakariri, yaani jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, na nini kinanikwamisha, yaliondolewa katika toleo la 2020. Kesho asubuhi usisikilize maneno, tazama macho. Katika timu moja niliyowahi kuishauri, kila msemaji alimgeukia mkuu wake. Kijana mmoja alikuwa amekwama kwa siku ya tatu kwenye kiungo cha malipo kilichorudisha jibu moja kwenye seva ya majaribio na jingine kwenye seva halisi, lakini zamu yake ilipofika alisema, "Ninaendelea nalo vizuri, kesho nitamaliza." Mwenzake aliyesimama kando yake alikuwa ameitatua hitilafu hiyohiyo mwezi uliopita. Walikuja kujua hilo baada ya mkuu kuondoka, na kazi ya siku tatu ikaisha kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu pointi, sishangai kwamba zimepanda. Pointi ni makisio ambayo timu hujiwekea ili ijue itabeba kazi kiasi gani, na mwongozo wa 2020 hauzitaji kabisa. Zikishaanza kupelekwa juu kama kipimo cha bidii, kazi iliyokuwa ya pointi tatu huanza kukisiwa tano, wala hakuna anayehisi kwamba amedanganya. Mwanauchumi Charles Goodhart alieleza jambo la namna hii mwaka 1975 alipokuwa akizungumzia sera za fedha: uhusiano wa kitakwimu uliokuwa ukitegemewa huelekea kuvunjika pale unapogeuzwa kuwa chombo cha udhibiti.

Badala ya pointi, andika tarehe mbili kwenye kila kadi: siku kazi ilipoanza na siku ilipomfikia mtumiaji. Kisha hesabu kadi zote zilizoanzwa na ambazo hazijamfikia. Kanuni ya foleni ambayo mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961 inasema kwamba wastani wa muda ambao kitu hukaa ndani ya mfumo ni idadi ya vilivyomo ikigawanywa kwa kasi ya kutoka kwake. Ikiwa kadi 24 zimefunguliwa na mnakamilisha nne kwa wiki, kila kadi itachukua wastani wa wiki sita, hata watu wakikesha. Mkibaki na kadi 12 bila kasi kushuka, wastani ni wiki tatu. Hapo ndipo hoja ya wenzako ina uzito, kwa sababu kuweka kikomo cha kazi zilizo mkononi ndiko kiini cha kanbani, na mnaweza kukichukua kikomo hicho bila kuiacha skramu. Ninatarajia pia kwamba tarehe zitakuonyesha kusubiri kwingi: kazi iliyoandikwa kwa siku mbili ikakaa siku tisa ikingoja idhini ya kuingizwa kwenye seva. Foleni ya idhini haiwezi kuondolewa na mtengenezaji programu yeyote. Hiyo ni kazi ya uongozi.

Kwa hiyo usiende kwa meneja na maoni juu ya tabia yake. Nenda na kadi kumi zenye tarehe, mzipitie pamoja, umwache aione mwenyewe foleni ilipo. Halafu omba jambo moja kwa muda unaojulikana: kwa sprinti nne asihudhurie kikao cha asubuhi wala tathmini, na badala yake aje kwenye kikao cha kuonyesha kazi, ambako ataiona programu ikifanya kazi. Kumbuka kwamba huenda naye ana mkubwa anayemuuliza kila wiki, hivyo mwahidi taarifa fupi ya tarehe atakayoweza kuipeleka juu. Ombi hilo si upinzani. Watu 17 walioandika tamko la ajaili huko Snowbird, Utah, Marekani, mwaka 2001 waliwapa watu na mahusiano yao uzito kuliko taratibu na zana, na kanuni ya mwisho kati ya 12 walizoziambatanisha inaitaka timu yenyewe itafakari kila baada ya muda na kujirekebisha.

Mwambie mapema jambo hili pia: matatizo yanayoripotiwa yataongezeka kwanza. Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya kutoa dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia timu zenye uhusiano mzuri zionyeshe makosa machache; takwimu zilionyesha kinyume, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu waliweza kuyasema makosa yao. Meneja asiyeonywa ataona ongezeko hilo akadhani timu imeharibika, na baada ya hapo hamtasikia kitu tena.

Ukimya wa kwenye tathmini hauvunjwi kwa kusema "jisikieni huru". Anza wewe, tena kwa kosa mahususi: "Sprinti iliyopita niliahidi tarehe kabla ya kuwauliza, na ndiyo maana mlifanya kazi Jumamosi." Kisha kila mtu aandike kwanza kwenye karatasi, bila jina, kabla ya yeyote kuzungumza. Chagueni jambo moja tu, lirekebishwe kabla ya tathmini inayofuata, hata likiwa dogo kama seva ya majaribio inayozimika kila mara. Mtu wa kwanza atakayesema "nimekwama" atatazamwa na wenzake wote saba waone utamfanya nini. Muulize anahitaji nani wa kumsaidia, na swali la kwa nini hakusema jana liache.

Baada ya sprinti nne, zitazameni tarehe tena. Ikiwa kazi zenu nyingi huingia bila kutabirika, kwa mfano marekebisho ya mfumo ambao tayari unatumika, kiasi kwamba mpango wa wiki mbili huvunjika siku ya pili, basi hamieni kanbani bila kusita.