Mama anaona vizuri, picha za macho za nini?

Mkuu, umesema mama yako ana kisukari, anasoma meseji bila shida, lakini baada ya picha ya macho kliniki sasa wanataka skani na ile ya kuchomwa dawa ya rangi. Ukauliza kama si mbinu ya kula hela zenu. Naishi na kisukari aina ya pili na zote tatu nimepigwa, kwa hiyo nakujibu.

Kuona vizuri si kipimo. Sukari inakula vimishipa vya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kimyakimya, na mtu haoni tofauti mpaka madhara yafike katikati, pale tunaposomea, au damu imwagike ndani ya jicho. Ndiyo maana sisi wa aina ya pili tunatakiwa kuangaliwa macho tangu tunapogundulika.

Picha ya kawaida haiumi. Unatiwa matone ya kupanua mboni, unaweka kidevu kwenye mashine, mwanga unapiga, basi. Msindikize tu, maana kwa saa kadhaa ataona ukungu na jua litamsumbua. Mkiwa ndani, ombeni kuiona picha kwenye skrini. Wengi hawaombi, na kwangu hapo ndipo hela inapopotea. Yangu ilikuwa duara la rangi ya chungwa, mishipa ikitokea kwenye doa la njano upande wa puani na kutawanyika. Daktari alipoikuza nikaona vidoti vyekundu kama vimetobolewa kwa ncha ya sindano: kuta za vimishipa zimedhoofika zikatuna. Kando yake kulikuwa na chembe za njano, mafuta yaliyobaki baada ya majimaji ya damu kuvuja. Kabla hajanipima mkono akaniuliza kuhusu presha, kwa sababu ateri zilikuwa zimesinyaa na kubana vena zilipopishana.

Picha hiyo ni bapa, haikuambii vizuri kama retina imevimba. Hiyo ni kazi ya skani, wanaiita OCT, inayoonyesha tabaka za retina kwa ubavu. Maji yakiwepo yanaonekana kama vishimo vyeusi. Kama zile chembe za njano ziko karibu na katikati, skani ina maana kabisa.

Dawa ya rangi ni fluoresini. Inachomwa kwenye mshipa wa mkono, na ndani ya sekunde chache inafika machoni huku kamera ikipiga mfululizo. Mishipa inawaka nyeupe. Panapovuja, weupe unazidi kutanuka. Vimishipa vilipokufa panabaki peusi. Retina iliyokosa hewa huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayovuja sana na kupasuka kirahisi. Hiyo ndiyo wanayoitafuta ili waamue kama mtu apigwe leza au sindano ya jicho. Mimi kichefuchefu kilinijia kikapita, ngozi na mkojo vikawa vya njano mpaka kesho yake. Mwambieni mapema asije akadhani ni ini. Na kama ana mzio wowote autaje.

Kuna skani mpya zaidi inayochora mishipa bila sindano, ila kuvuja haionyeshi.

Kwenye gharama niko nawe kidogo. Waulizeni: mnatafuta nini ambacho picha ya kwanza haijaonyesha? Wakishindwa kujibu, nendeni kwingine. Na picha zake ziwekeni kwenye flashi. Kliniki yangu ya zamani walibadilisha mashine, za nyuma zikapotea, tukakosa cha kulinganisha.

Ripoti yake imeandika nini kuhusu sehemu ya katikati? Iweke hapa, jina ufiche.