Jibu: Utafiti nao unachekesha?

Mkuu, umeuliza kama habari na utafiti wa wasomi vina kichekesho chochote au ni usingizi mtupu. Vichekesho vipo tele! Anza na tuzo za Ig Nobel, mzaha wa tuzo za Nobel kwa tafiti zinazochekesha kisha zikafikirisha, zilizoanza kutolewa Marekani 1991. Mwaka 2000 wanafizikia Andre Geim na Michael Berry waliipata kwa kumwelesha chura hewani kwa sumaku. 2010 Geim huyohuyo akabeba Nobel yenyewe ya fizikia. Mwaka 2017 Ig Nobel ikaenda kwa mwanafizikia Marc-Antoine Fardin, aliyepiga hesabu kujua kama paka ni yabisi au kimiminika (mwenye paka jibu analo). Kwenye habari, mimi hukimbilia masahihisho ya magazeti: wanaomba radhi kwa uso mkavu kabisa, na kosa lenyewe wanalirudia neno kwa neno.