Mbona hamji kujitolea nyumbani?

Swali la wazee na wadogo zetu wa Muleba, Kagera, ni la haki: wauguzi wa kwetu wamejaa Marekani, mbona hawaji hata mwezi mmoja kusaidia kwenye zahanati walikochanjwa utotoni? Tujibu sisi tulioko huku, bila kupaka mafuta.

Mwezi wenyewe haupo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kumpa mtu hata siku moja ya likizo yenye malipo. Muuguzi anakusanya saa zake kidogo kidogo, na akipewa wiki mbili mfululizo ameheshimiwa. Walioko Uingereza wana nafuu, wao sheria inawapa wiki 5.6 kwa mwaka. Katika wiki mbili hizo za Marekani, toa siku za njiani, toa za kuwasalimia shangazi na wajomba (ukiwaruka utasemwa mpaka Bukoba), kazi inabaki na siku saba hivi.

Halafu kuna karatasi. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo aliyechukua uraia wa Marekani anaingia kama mgeni, hata kama kaburi la babu yake liko kwenye kibanja cha nyumbani. Visa ya matembezi haitoshi, maana kujitolea nako kunahesabiwa kazi. Kwa shughuli isiyozidi miezi mitatu inatakiwa visa ya biashara, dola 250. Zaidi ya hapo ni kibali cha ukaazi daraja C. Kumgusa mgonjwa ni habari nyingine: muuguzi anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, pamoja na uthibitisho wa leseni kutoka bodi ya jimbo anakofanyia kazi. Aanze kufuatilia miezi minne kabla. Asipoupata, asivae glovu, awafundishe watumishi. Kusema kweli, kwa siku saba, kufundisha kunaacha faida kubwa kuliko kuhudumia foleni.

Sasa vifaa, maana kila mnapopiga simu mnaomba mashine. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60 (mara ambazo mkondo unageuka kwa sekunde). Wa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi. Sentrifuji ya maabara yenye mota ya kawaida ya Marekani itazunguka kwa kasi ya tano ya sita, damu isitengane inavyotakiwa, na mota ichemke. Kabla ya kupokea chochote, ombeni picha ya kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, badilisheni plagi mwendelee. Kikisema 120V, 60Hz, kataeni kwa heshima.

Mashine za kupima sukari zinadanganya zaidi kwa sababu zinatumia betri na zinaonekana nzima. Za Marekani zinasoma kwa mg/dL, wakati nyumbani mmezoea mmol/L, na nyingi hazibadilishiki. Ikionyesha 126, gawanyeni kwa 18 mpate 7.0. Tena kila mashine ina vipimo vyake, vile vijiti vya kutilia tone la damu. Kichupa cha 50 kikiisha na duka la Bukoba halina aina hiyo, imebaki pambo. Kwa hiyo Mganga Mfawidhi aandike kwanza aina ya vipimo inayopatikana huko, nasi tutafute mashine ya kuendana navyo.

Dawa zinahitaji kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kabla hazijaondoka huku, na ziwe zimebakiza angalau miezi 12 hadi kuisha muda siku zinapofika. Masanduku ya dawa zilizobakiza miezi miwili yanawaachia gharama ya kuteketeza. Na anayefunga mizigo asitumie mifuko ya plastiki: imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Mwisho ni malaria, ambayo wengi wetu tunaichukulia kienyeji. Kinga uliyokua nayo Kagera inapungua ukikaa miaka nje, na watoto waliozaliwa huku hawana kabisa. Kwa hiyo mezeni dawa ya kinga: atovakwoni-proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika, kila siku, hadi siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini, dawa nyingine ya kinga, huendelea wiki nne baada ya kuondoka. Watu huzikatiza wakishapanda ndege ya kurudi, kisha homa inawakuta Ohio ambako daktari anawaza mafua. Mwambieni mlikotoka kabla hajauliza, mdai kipimo cha malaria siku hiyohiyo.