Muulize Fundi: Kamshafti ya Masikio au ya Barabara?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Chevrolet Corvette ya mwaka 2000, injini ya LS1, gia sita za manyuo. Naendea nayo kazini kila siku, na wikiendi moja moja natoka nayo kujifurahisha. Nimepata kamshafti ya digrii 240 kwa 244, umbali wa nundu 110. Muuzaji anasema mlio wake hauna mfano. Rafiki yangu anasema nitajuta. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwa msomaji mgeni, kamshafti ni shafti ndani ya injini yenye nundu zinazosukuma valvu zifunguke. Msikilize rafiki yako, ila muuzaji naye usimwite mwongo, maana kuhusu mlio kasema kweli tupu. Ukiwa umesimama, injini iko sailensi, yaani inazunguka yenyewe bila kukanyagwa mafuta, gari litakohoa na kutikisika mpaka vioo vya pembeni vitetemeke, na watu watageuza shingo. Najua kwa sababu nilishageuziwa.

Enzi hizo nilikuwa na V8 yangu mwenyewe, nikachagua kamshafti kwa sikio kama wewe. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili nikawa kwenye foleni, klachi chini, nasogea kidogo nasimama, nasogea kidogo nasimama. Breki ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya nne nikahisi nimekanyaga jiwe. Busta ya breki inategemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini, na kamshafti yangu ilikuwa imeumaliza mvuto wote. Nilisimama kiganja kimoja nyuma ya lori, miguu yote miwili juu ya pedeli moja. Tangu siku hiyo nauliza namba kwanza, mlio baadaye.

Basi tuzisome namba zako. 240 ni digrii za mzunguko wa krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ambazo valvu ya kuingiza hewa inakuwa wazi, zikihesabiwa tangu tapeti, kile kipande kinachopanda juu ya nundu, inyanyuke inchi 0.050, yaani milimita 1.27, hadi irudi hapo. 244 ni ya valvu ya ekzosti. Kuna wauzaji wanaohesabu tangu nundu inapoanza tu kugusa, na namba yao hutoka kubwa zaidi, kwa hiyo usilinganishe kamshafti mbili kabla hujajua zimepimwaje. Ya kiwandani kwenye LS1 yako, upande wa kuingiza, iko karibu na 200 kwa kipimo hicho cha 0.050. Unataka kuongeza digrii 40, na hizo si chache.

Pistoni ikifika chini na kuanza kupanda, valvu ya kuingiza bado haijafungwa. Krenki ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, hewa iliyomo kwenye njia ina mwendo mkali, inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikipanda, na silinda inashiba kuliko kawaida. Nguvu ya kamshafti kubwa inatoka hapo. Kwenye mizunguko 1,500 hewa haina kishindo hicho. Pistoni inapanda na kuirudisha ilikotoka. Umevuta pumzi, nusu umeitema kabla hujaitumia.

Sasa angalia gari lako. Gia ya sita ya sanduku lako ni 0.50, na difu ya Corvette ya manyuo ni 3.42. Kwa tairi za nyuma 275/40 za inchi 18, ukienda kilomita 100 kwa saa mshale wa mizunguko unasimama kama kwenye 1,350. Kiwanda kimekupa gia ya kusafiri injini ikiwa nusu usingizi. Ukiweka hiyo 240, huko chini gari litaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, utashuka gia ya tano, pengine ya nne, na safari nzima utaimaliza kwa makelele na mafuta mengi. Nguvu uliyoinunua itaanza kujionyesha mshale ukikaribia 4,000. Kwenda kazini unafika 4,000 mara ngapi?

Hilo ndilo zoezi nililokuwa nampa kila aliyeingia gereji akitaka kamshafti: wiki mbili endesha kama kawaida yako, ukitazama mshale unakaa wapi. Mmoja alirudi akaniambia, "Mzee, mimi kumbe naishi kwenye 2,000." Tukamwachia ya kiwandani, tukamtengenezea ekzosti.

Kwa matumizi yako, na kwa kuwa LS1 ina lita 5.7 za kusamehe makosa, ningekwenda kwenye 224 kwa 224, umbali wa nundu 114, au chini kidogo ya hapo. Huo umbali ni digrii kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya ekzosti. Ukiupunguza kuwa 110, valvu zote mbili zinakuwa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi, na moshi unarudi kuchanganyika na hewa mpya wakati injini iko sailensi. Kukohoa unakokupenda ndiko huko. Ukiupanua kuwa 114, sailensi inatulia na mvuto wa breki unabaki. Hata 224 itanguruma kidogo, usihuzunike. Ukiwa katikati ya chaguo mbili, chukua ndogo. Na kama unakoishi gari hupimwa moshi, hiyo ndogo itakuokoa na maneno mengi.

Kamshafti yenyewe ni nusu ya kazi. Springi za valvu za kiwandani ni dhaifu, zikikutana na nundu ndefu na mizunguko ya juu zinashindwa kuifuata, valvu inaelea, na pistoni za LS1 ni bapa, hazina mabonde ya kuipokea. Nunua springi zinazolingana na kimo cha nundu za kamshafti mpya, na mwambie fundi apime urefu wa pushirodi, vile vijiti vinavyosukumwa na tapeti, na nafasi kati ya valvu na pistoni. Mimi nikiwa nimefungua silinda hedi nilikuwa nabandika kipande cha udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, naupaka oili usinate, nafunga, nazungusha krenki kwa mkono raundi mbili, nafungua, naukata kwa wembe na kupima unene palipominywa. Kiwango changu ni milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa ekzosti. Chini ya hapo sifungi.

LS1 ina wema mmoja: si lazima ufungue hedi. Ukitoa rokaama, mikono inayobonyeza valvu, na pushirodi, unaizungusha kamshafti ya zamani raundi kadhaa, inazisukuma tapeti juu, nazo zinashikwa na vibeba vya plastiki. Vibeba vikichakaa, tapeti moja huanguka ndani, na siku yako imeisha. Boliti ya puli ya krenki usiirudishe ya zamani, inavutika ikikazwa. Na kwa kuwa mbele kumeshafunguliwa, badilisha taimingi cheni hapohapo.

Mwisho, kompyuta ya gari lazima ipangwe upya. Valvu zikifunguka pamoja, oksijeni isiyoungua inapita moja kwa moja kwenye ekzosti. Sensa inaiona, inadhani mafuta ni machache, inaongeza, nawe unanusa petroli kila ukisimama. Kama hujatenga fedha ya kazi hiyo, kamshafti iache kwenye boksi lake.

SWALI: Fundi, nina Camaro V8 ya 1985. Nimefunga kamshafti mpya. Nimeambiwa nikiiwasha nisiiache sailensi kabisa. Ni kweli?

JIBU: Kweli kabisa. Chevrolet walianza kuweka tapeti za rola, zenye kigurudumu chini, kwenye V8 hizo mwaka 1987. Yako, kama haijabadilishwa, ni ya tapeti bapa, chuma kinateleza juu ya chuma. Nundu zinapata oili ya kurushwa na krenki, na ikiwa sailensi inarushwa kidogo. Paka grisi ya kamshafti kwenye kila nundu, tia oili yenye zinki ya kutosha, washa na upandishe mara moja hadi kati ya 2,000 na 2,500, uibadilishebadilishe humo kwa dakika 20. Kabla ya hapo hakikisha maji yamejaa, petroli imefika kabureta, na taimingi ya kuwasha cheche iko karibu na sahihi, ili iwake kwa mara ya kwanza. Kustata dakika kumi mfululizo ndiko kunakokula nundu.