Kumfumia Mgonjwa Shali: Muulizie Kwanza, Uzi Ununue Baadaye

Katika nyumba nyingi za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, hutakosa kochi lililofunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, na mara nyingi aliyekifuma ni mwenye nyumba mwenyewe au binti yake. Kwa hiyo ninapoandika juu ya kumfumia shali mgonjwa, mfiwa au mzee anayeishi peke yake, sidhani kwamba nawafundisha watu wasiojua kushika sindano ya kroshia. Naandika kwa sababu ujuzi wa vitambaa humzoesha mfumaji kuanza na ua analotaka kulifuma, ilhali shali ya faraja yapasa kuanza na mtu atakayeivaa: analala muda wote au anaweza kukaa, mkono wake upi una mpira wa dripu, nani anamfulia, na harufu gani inamtia kichefuchefu.

Wapo watakaouliza shali ya nini katika mji wa joto kama wetu. Wanaouliza hivyo kwa kawaida ni wazima. Mtu aliyepungukiwa damu husikia baridi wenzake wakiwa wanajipepea. Mzee aliyekonda hana tena mafuta mwilini ya kumhifadhi. Na anayelazwa Hospitali ya Bombo, iliyo karibu kabisa na bahari, anaujua upepo wa kusi unavyoingia alfajiri katika miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Ukiwa na ndugu Lushoto, huko milimani Usambara, hili halihitaji maelezo. Kanga ni nzuri, na hakuna mgonjwa wa Kiswahili asiyeletewa kanga, lakini kanga huteleza begani kila anapogeuka, na mgonjwa asiye na nguvu hawezi kuivuta tena. Kitu kilichofumwa kina mnyumbuko. Hushika mabega na kubaki hapo.

Mtu wa kumuuliza si mgonjwa mwenyewe, kwa sababu ukimuuliza atakwambia usijisumbue. Muulize anayemuuguza, yule anayelala naye hospitali au anayemwogesha nyumbani, kwa kuwa ndiye anayejua mambo ambayo mgeni wa nusu saa hayaoni. Shangazi yangu alipokuwa akisafishwa damu kwa mashine, binti yake ndiye aliyenieleza kwamba baridi humwanza mara tu damu inapozunguka nje ya mwili, na kwamba mkono wenye mshipa uliounganishwa na mashine haufunikwi kamwe, kwani mhudumu anapaswa kuuona muda wote ili ikitokea sindano imechomoka ajue papo hapo. Maneno hayo mawili yalitosha kuamua umbo la shali nzima. Nilimfumia ya pembetatu, fupi kwa mbele, inayokaa mabegani na mgongoni na kuacha mikono yote wazi kuanzia kwenye kiwiko, na nikaiwekea kifungo kimoja kikubwa cha mbao kifuani ili asilazimike kuishika. Alipoivaa mara ya kwanza alisema tu, "Mwanangu, hii imenikaa." Sikuhitaji sifa nyingine.

Kwa mgonjwa wa kitandani asiyeweza kukaa, pembetatu haifai, maana ncha yake hujikunja mgongoni ikamuumiza. Huyo mfumie ya mstatili, yenye upana wa sentimita 50 hivi na urefu wa sentimita 150, ambayo anaweza kufunikwa kifuani bila kuinuliwa. Anayetumia kiti cha magurudumu apewe isiyoning'inia chini ya kiti, na isiwe na matamvua kabisa. Mimi matamvua nimeyaacha kwa wagonjwa wote, hata wale wanaotembea, kwa sababu hunasa kwenye mipira ya dripu, kwenye vyuma vya kitanda na kwenye vidole vya wajukuu.

Sasa tuje kwenye uzi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo shali nyingi zinapoharibikia. Uzi wa sufu halisi una joto jema, lakini ukifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kama tunavyosugua nguo zetu, hujikaza na kusinyaa ukawa kama zulia, na haurudi tena. Tena huwawasha baadhi ya watu, hasa wale ambao ngozi yao imekuwa laini kupita kiasi kwa sababu ya matibabu ya saratani. Pamba haiwashi, hufuliwa vyovyote vile, lakini hunyonya maji mengi, huwa nzito, hulegea kwa uzito wake, na wakati wa masika inaweza kushinda kwenye kamba bila kukauka mpaka ikaanza kunuka uvundo. Akriliki ni nyepesi, hukauka haraka, bei yake inavumilika, na ile laini haiwashi. Kwa mgonjwa wa hospitali, ambaye nguo zake hufuliwa mara kwa mara na mtu aliyechoka, mimi huchagua akriliki laini bila kusita.

Akriliki ina hatari moja ambayo lazima uifikirie: ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Bibi anayeota moto jikoni, au anayekaa karibu na jiko la mkaa jioni, asifumiwe akriliki. Mpe pamba. Nayo huungua, lakini haiyeyuki ikaganda mwilini, na kwa kuwa ni nzito haipeperuki kuelekea kwenye makaa. Kwa sababu hiyohiyo, usithubutu kuipiga akriliki pasi ya moto ili ionekane imenyooka siku ya kuipeleka. Hulegea ikalala na haisimami tena. Ilowanishe kwa maji ya kawaida, ikamue ndani ya taulo, itandaze juu ya mkeka safi, ivute taratibu mpaka ikae sawa, na uiache ikauke kivulini.

Kabla ya kulipa dukani, uguse uzi kwa upande wa ndani wa mkono au chini ya shingo, si kwa vidole, kwani vidole vya mfumaji vimeshakomaa. Nunua madonge yote kwa mara moja, ukitazama kwenye karatasi ya kila donge kwamba namba ya upakaji rangi ni ileile. Rangi mbili za buluu zinazofanana kwenye taa ya duka zinaweza kutofautiana waziwazi juani. Shali ya mtu mzima yenye upana wa sentimita 150 juu na kina cha sentimita 75 hula kiasi cha gramu 300 hadi 400 za uzi wa unene wa kati. Na zile sindano nyembamba za vitambaa, zisizofika hata milimita 2, ziweke pembeni. Chukua ya milimita 5.5 au 6, ili mishono iwe mikubwa, shali iwe na ulaini wa kuning'inia, na kazi iishe wakati mgonjwa bado anaihitaji.

Ufumaji wenyewe nauchagua uwe rahisi kwa makusudi. Fuma cheni 4 na uziunganishe ziwe pete. Panda kwa cheni 4, ambazo 3 za mwanzo huhesabiwa kuwa mshono mrefu mmoja na ya nne kuwa nafasi. Ndani ya pete tia mishono mirefu 3, cheni 2, mishono mirefu 3 mingine, cheni 1, kisha mshono mrefu mmoja wa kufungia safu, na ugeuze kazi. Mshono mrefu ninaousema ni ule unaozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuichomeka. Kila safu inayofuata huanza kwa cheni 4 vilevile. Katika nafasi ya kwanza tia kundi la mishono mirefu 3, halafu cheni 1, na uendelee kutia kundi moja katika kila nafasi mpaka ufike katikati penye zile cheni 2, ambapo utatia makundi 2 yaliyotenganishwa na cheni 2. Upande wa pili ufanye kama wa kwanza, umalizie kwa kundi katika nafasi ya mwisho, cheni 1, na mshono mrefu mmoja juu ya cheni ya tatu ya mwanzo wa safu iliyotangulia. Makundi huongezeka kwa 2 katika kila safu, hivyo ukifika safu ya 10 na ukahesabu, ni lazima upate makundi 20. Yakipungua, tazama kwenye nafasi za kando, kwa sababu hapo ndipo wengi husahau. Endelea hadi upana uutakao upatikane, kisha zungusha ukingo wote kwa mishono mifupi ili usivutike. Mkia wa uzi, kila ulipounganisha donge jipya, uufiche kwa kuupitisha ndani ya mishono kwenda na kurudi, maana fundo likikaa chini ya bega la mtu anayelala chali humchoma usiku kucha.

Mchoro huu una matundu, na matundu hayo ndiyo yanayoufaa mji wetu, kwa kuwa hushika joto bila kumfanya mvaaji atokwe na jasho. Lakini usiutumie kwa mtoto mchanga. Vidole vyake vidogo hupenya na kuzongwa na uzi, na nguo iliyolegea haipaswi kuachwa pamoja na mtoto anapolala. Ukitaka kumfariji mzazi aliye ndani ya arobaini, shali iwe ya mama mwenyewe, ya kumfunika mabega anaponyonyesha usiku.

Rangi nayo ina adabu zake. Nyeupe tupu simpelekei mgonjwa mahututi, kwa sababu hakuna haja ya kumkumbusha sanda mtu aliyelala kitandani wala watu wake waliomzunguka. Iliyokoza sana nayo huficha uchafu unaopaswa kufuliwa. Rangi za kati, kama kijani cha jani la mgomba, buluu iliyotulia au ile ya udongo, hustahimili madoa ya dawa na uji bila kuonekana chakavu upesi. Kwa mjane aliyekaa eda, ambaye ana miezi 4 na siku 10 za kujizuia na mapambo, waulize kwanza wakubwa wa nyumba ile, kisha ufume rangi moja tu, isiyong'aa, bila nakshi wala kifungo cha kumeremeta.

Ikiisha, ifue kabla ya kuipeleka, kwa sabuni isiyo na manukato. Najua desturi yetu ni kufukiza nguo kwa udi na kutia marashi, na hakuna heshima ndogo katika kufanya hivyo, lakini mwenye pumu hubanwa kifua, na anayetumia dawa za saratani anaweza kutapika kwa harufu aliyoipenda maisha yake yote. Mbaya zaidi ni vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, yaani naftalini. Mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi zenye malaria, chembe zake nyekundu za damu huweza kupasuka kwa sababu ya naftalini, na watoto wachanga ndio wanaodhurika vibaya zaidi. Kwa hiyo shali isikae sandukuni na vidonge hivyo, hata kama mpokeaji ni mtu mzima, kwa sababu huyo mtu mzima atampakata mjukuu.

Huko Marekani, mwaka 1998, wanawake wawili, Janet Bristow na Victoria Galo, waliotoka katika mafunzo ya uongozi ya Hartford Seminary katika jimbo la Connecticut, walianzisha utaratibu wa kufuma shali huku wakimwombea atakayeivaa, na umeenea katika nchi nyingi. Nilipousoma sikuuona kuwa mgeni. Sisi tunatia nia kabla ya kila jambo, na mikono ikishazoea safu, ulimi una nafasi ya kumtaja mtu na kumwombea afya. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua mchoro mwepesi: ukishughulika na kuhesabu ua lenye petali kumi na mbili, huwezi kumfikiria mgonjwa.

Siku ya kuipeleka, usiingie nayo mikono mitupu ya maelezo. Andika kwenye kipande cha karatasi aina ya uzi na namna ya kuufua, kwa sentensi mbili, umpe anayeuguza. Mvalishe mgonjwa kama ameridhia, tazama inapobana au inapoteleza, na kama inahitaji kupunguzwa useme utaichukua siku utakayorudi, tena urudi kweli. Usimwombe apigwe picha akiwa nayo. Kama hajaivaa ukija tena, usiulize. Pengine imempa joto usiku, au ameifunika miguu, au amempa mwenzake wa kitanda cha jirani, na kote huko imefanya kazi yake. Uzi uliobaki ufunge kidonge kidogo, uuache pamoja na shali, ili safu ikikatika binti wa nyumbani aweze kuiunga mwenyewe bila kukutafuta.